Peku, Buti na Raba: Kiatu katika Njia ya Epulu

Epulu ni kijiji kilicho ukingoni mwa mto wa jina hilohilo, ndani ya msitu wa Ituri, na kiatu huko ni mgeni wa juzi. Mguu mtupu ndio uliokuwa mwenyeji. Kwa hiyo anayeuliza ni raba gani inafaa kwa matembezi, mbio au mazoezi ya kila siku katika sehemu hizo hana budi kuanza na ardhi. Chini ya miti kuna majani yaliyooza, mizizi iliyokatiza njia, na vijito vya kuvuka kila baada ya mwendo mfupi. Mvua hufika takribani milimita 1,700 kwa mwaka. Kijiji kimekatwa na barabara ya taifa namba 4, itokayo Kisangani kupitia Nia-Nia na Mambasa hadi Komanda: udongo mwekundu, vumbi jua likiwaka, utelezi mvua ikinyesha. Kutoka Komanda njia moja huenda Beni na nyingine Bunia, na Bunia kwenyewe msitu umekwisha, vimebaki vilima vya nyasi kwenye mwinuko unaozidi mita 1,200. Ardhi hizo tatu, msitu, barabara na vilima, hazikubaliani juu ya kiatu hata kidogo.

Wenye msitu ni Wambuti, na wale wa upande wa Epulu huwinda kwa nyavu. Wanaume huunganisha nyavu zao zikawa ukuta mrefu uliopinda; wanawake na watoto huja kutoka upande wa pili wakipiga kelele na kuchapa vichaka, na swala wadogo wa msituni hukurupuka na kujitia wavuni. Mbio za kazi hiyo ni za ghafla na fupi. Mwili umeinama chini ya matawi, hatua ni ndogo, vidole vya miguu vimetanuka na kidole gumba kinakamata tope mfano wa breki. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi nao miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1961, alishangazwa na jinsi walivyopita msituni bila sauti. Ukimya huo ni kazi ya wayo mtupu, unaoliona kwanza tawi kavu kabla ya kulikanyaga kwa uzito wote. Soli nene hulivunja tawi ndipo mguu upate habari.

Lakini peku ina gharama zake, na ushahidi wa mapema ulioandikwa unatoka kwa watu waliozungumza Kiswahili. Tarehe 28 Juni 1887 mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, akiwa na watu 389, wengi wao Wangwana wa Zanzibar, kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha. Walipanda kufuata mto Ituri, ule unaopokea maji ya Epulu, na ilichukua siku zipatazo 160 kabla hawajaona nyasi za uwanda wa mashariki. Mapema kabisa katika safari hiyo walikuta njia zimepandwa vijiti vya mti mgumu vilivyochongwa ncha na kufunikwa majani. Silaha hiyo ilikusudiwa mguu mtupu, na iliwapata wapagazi. Msafara uliobeba bunduki na boti ya chuma haukuwa umewabebea wapagazi wake viatu. Hata hivyo buti peke yake haikuwa kinga: Oktoba mwaka huohuo nahodha R. H. Nelson, Mzungu mwenye viatu vyake, alishindwa kutembea kwa vidonda vya miguu, akaachwa kambini pamoja na wagonjwa 52, na wengi kati ya hao walikufa au kutoweka kabla msaada haujarudi.

Wakati huohuo mguu mtupu wa Afrika ulikuwa umepata adui mpya, funza. Mdudu huyo alivuka bahari kutoka Brazili na kushuka Angola mwaka 1872, akitajwa kuletwa na meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell. Alisafiri kwa njia za biashara na misafara, akapanda Kongo, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshafika pwani ya Uswahilini. Msafara wa Stanley unahesabiwa miongoni mwa waliomvusha bara. Kwa mtu wa Ituri, sababu ya kwanza ya kutamani kiatu haikuwa starehe wala mwendo kasi. Ilikuwa kuepuka sindano ya kutolea funza.

Habari ya mguu wa Kongo ilifika mbali mapema, kwa njia isiyopendeza. Katika maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, watu walipangwa uwanjani watazamwe kama bidhaa. Kati yao walikuwemo kijana Ota Benga, ambaye miaka miwili baadaye aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na wenzake walioletwa kutoka Kongo. Daktari wa mifupa Phil Hoffmann alitumia mkusanyiko huo kupima miguu ya watu wasiovaa viatu, wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati, jozi 186 kwa jumla, akachapisha matokeo mwaka 1905. Aliona vidole vilivyonyooka na kuachana, na upana wa mguu ukiwa mkubwa zaidi mbele, vidoleni. Akaona pia kwamba upinde wa unyayo ulitofautiana sana baina ya mtu na mtu, kuanzia uliopanda hadi uliolala bapa, na urefu wake haukumwambia kitu juu ya nguvu ya mguu. Wenye nyayo bapa walitembea sawa na wengine. Jambo hilo la mwisho lilisahauliwa kwa muda wa karibu karne nzima, na wauza raba ndio waliopata faida ya usahaulifu huo.

Mpira wenyewe, uliotengeneza soli za dunia, ulikuwa na damu ya msitu wa Kongo. Charles Goodyear alipata hataza yake ya kuupika mpira kwa salfa mwaka 1844. Kabla ya hapo soli ya mpira iliyeyuka kwa joto na kupasuka kwa baridi. Miaka ya 1830 kampuni ya mpira ya Liverpool ilikuwa tayari inauza viatu vya turubai na mpira kwa watu wa kwenda ufukweni. Mwaka 1916 Marekani ikatoa Keds, na mwaka 1917 Converse ikatoa All Star. Kati ya tarehe hizo, chini ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili (1885–1908), wanakijiji wa Kongo walilazimishwa kukamua utomvu wa mitambaa ya mpira msituni, kwa mijeledi na kwa kukamatiwa wake zao. Mpira ule ulikwenda zaidi kwenye matairi na mitambo kuliko viatu. Waliouchuma waliendelea kutembea peku.

Askari nao vilevile. Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, lilikuwa na fezi nyekundu, sare ya buluu na bunduki, na chini miguu mitupu. Ndivyo lilivyotembea hadi Tabora, likaiteka Septemba 1916. Askari wa King's African Rifles wa upande wa Waingereza hawakuwa na hali bora katika vita hivyo. Buti ilikuwa ya afisa. Mgawanyo huo ulishuka hadi vijijini: karani alivaa kiatu, katekista alivaa Jumapili, na wengi waliokuwa na jozi moja waliibeba mkononi njia nzima wakaivaa mlangoni mwa kanisa. Desturi hiyo huchekwa, ingawa ilikuwa na hesabu nzuri. Ngozi ya kiatu ilichakaa kwa kilomita, na unyayo ulizidi kukomaa kwa kilomita hizohizo.

Epulu ilianza kupata wageni wenye viatu miaka ya 1930, Mmarekani Patrick Putnam alipojenga kambi yake mtoni, nusu zahanati nusu nyumba ya wageni, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1953. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilifungua hapo kituo cha kukamatia okapi, mnyama wa msituni wa jamii ya twiga. Kazi ya kituo ilikuwa ya miguu tangu asubuhi: kukagua mashimo ya kunasia, kuzunguka ua, kukata majani ya aina nyingi kila siku kwa ajili ya mnyama asiyekula chochote kisichomridhisha. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi ilipotangazwa mwaka 1992, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 13,726, doria ziliongezeka, na kiatu kilichozoea kazi hizo ni buti la mpira, gambuti. Hilo halina sifa ya kukimbilia. Linapwaya kisigino, linachemsha mguu, na maji yakiingia kwa juu hayatoki. Lakini linazuia tope, miiba midogo na siafu, na huoshwa mtoni kwa dakika moja.

Raba ya turubai ilienea Afrika Mashariki zaidi kwa sababu ya Bata, kampuni iliyoanzishwa Zlín mwaka 1894 na ambayo kiwanda chake cha Limuru, Kenya, kimekuwa kikifanya kazi tangu zama za Vita vya Pili vya Dunia. Soli bapa ya mpira, kitambaa juu, kamba: ilikuwa nyepesi, rahisi, na ilikauka upesi. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika kilikimbia kwa raba za namna hiyo, pale ambapo hakikukimbia peku. Upande wa Kongo zikaitwa basketi, kwa jina la Kifaransa lililotokana na mpira wa kikapu.

Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma kwa saa 2:15:16, bila viatu. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, na viatu vilivyopatikana huko havikumkaa vizuri. Mara nyingi kisa hicho hutolewa kuthibitisha ubora wa mguu mtupu. Kinachosahaulika ni kwamba miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila alivaa viatu vilivyomtosha, akashinda tena kwa saa 2:12:11. Mtu huyo alichagua kwa kigezo kimoja mara zote mbili: kile ambacho mguu wake haukukilalamikia.

Baada ya Bikila ndipo sponji ilipoingia. Katikati ya miaka ya 1970 viwanda vilianza kuweka kati ya soli na wayo tabaka la povu la plastiki liitwalo EVA, jepesi na lenye kurudi likibonyezwa. Mbio za barabarani zilikuwa zimekuwa burudani ya watu wa kawaida Marekani na Ulaya, nao walitaka kiatu cha kupunguza kishindo cha lami. Kisigino kikanenepa. Madukani likazuka fundisho: mnunuzi alowanishe unyayo, akanyage karatasi, alama itazamwe, kisha mwenye unyayo bapa apewe kiatu kigumu cha kuzuia mguu usilale ndani, mwenye upinde mrefu apewe laini, na wa katikati apewe cha katikati. Lilikuwa fundisho la kuvutia kwa sababu lilifanana na sayansi. Majeshi ya Marekani yalilijaribu kwa maelfu ya makuruti wa jeshi la nchi kavu, la anga na kikosi cha Marine. Nusu walipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, nusu wakapewa aina moja bila kujali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 hayakuonyesha tofauti ya maana katika majeraha. Hoffmann alikuwa amedokeza jambo hilo mwaka 1905. Mwaka 2015 Benno Nigg na wenzake wa Calgary, Kanada, walipendekeza kwamba starehe ndiyo iwe chujio la kwanza: kiatu ambacho mkimbiaji anakihisi kizuri tangu hatua za mwanzo ndicho kinachouacha mwili ufuate mwendo wake wenyewe.

Pande zote mbili za mjadala wa peku zimetegemea miguu ya Kenya. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake waliandika kwamba wakimbiaji wa Kikalenjin waliokulia peku walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo na hivyo kukwepa kishindo cha kisigino. Ulaya na Marekani wakapandwa na wazimu wa viatu vyembamba. Miaka mitatu baadaye, utafiti kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao wasiozoea viatu, ulionyesha kwamba wengi wao katika mwendo wao wa kawaida hutua kwa kisigino. Ardhi, kasi na mazoea huamua kuliko kuwapo au kutokuwapo kwa soli. Mbuti wa tope la Epulu hangemshangaza yeyote kwa kukanyaga kwa namna ya tatu.

Neno kukimbia limezaa mkimbiaji, likazaa na mkimbizi, na Ituri wamejulikana zaidi hao wa pili. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwaondoa watu wa vijiji vya Bunia kwa makundi. Epulu yenyewe ilivamiwa na waasi alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012; watu sita waliuawa, okapi 14 wa kituo wakauawa, na wakazi wakatokomea msituni na chochote walichokuwa wamevaa, wengi ndala. Ndala ndiyo kiatu kibaya kuliko vyote cha kukimbilia. Vidole huikamata ili isidondoke, misuli ya muundi inakaza, na tope likiingia kati ya wayo na ndala mtu huteleza ndani ya kiatu chake mwenyewe. Anayejali mwendo kuliko miiba huivua na kuishika mkononi. Kati ya wakimbizi wa mashariki ya Kongo yupo aliyegeuka mkimbiaji: Makorobondo Salukombo, mwenyeji wa Kirotshe kando ya ziwa Kivu, aliyehamia Marekani, akaiwakilisha Kongo katika marathoni ya Rio mwaka 2016.

Raba za mbio zinazofika Bunia leo ni mitumba kwa sehemu kubwa. Hushuka Mombasa, hupita Uganda, kisha huvuka mpaka au ziwa Albert. Rwanda na Kivu nguo na viatu vya namna hiyo vimepewa jina la chagua, kutokana na kitenzi chenyewe, na jina ni la haki, maana kazi yote iko katika kuchagua. Jozi zimefungwa kwa kamba zake, zimeoshwa, soli imepigwa brashi hadi ikang'aa. Mng'ao huo haumaanishi kitu. Mnunuzi mzoefu hubonyeza kwa kidole gumba ubavu wa soli: sponji hai huingia na kurudi, sponji iliyochoka ina mikunjo midogo ya mlalo isiyonyooka, na kwa kawaida EVA huanza kuchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Kisha hukiweka kiatu mezani na kukitazama kwa nyuma. Kikiwa kimelala upande mmoja, aliyekivaa mwanzo alikiegemeza, na mwenye kukirithi atarithi na mwegamo. Mwisho hukikunja: kinapaswa kupindika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo.

Kuna hila moja ambayo unyevu wa Ituri huifichua bila huruma. Baadhi ya viatu vina povu la polyurethane badala ya EVA. Povu hilo huoza kwa mvuke wa maji hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa tu, na baada ya miaka kadhaa humomonyoka kama keki. Jozi iliyokaa kabatini Ulaya ikiwa mpya kabisa yaweza kugawanyika vipande katika wiki yake ya kwanza njiani Mambasa. EVA haiozi hivyo, lakini huogopa moto. Anayekausha raba juu ya jiko huikuta imesinyaa na kupungua namba.

Namba nazo zina mchezo wake. Kiatu kimoja huandikwa tatu au nne. Ile ya Ulaya huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo kalibu ya namba 42 ina urefu wa sentimita 28. Ya Kiingereza huongezeka kwa theluthi moja ya inchi. Ya Marekani hufuata hatua hiyo lakini huanzia mahali pengine. Namba zote hizo hupima urefu tu. Mguu uliokulia peku mara nyingi ni mfupi na mpana, basi mwenye mguu huo akifuata urefu hubanwa ubavuni, na akifuata upana hubaki na nafasi ya kidole kizima mbele. Kiatu kinachomfaa ni kile chenye pua pana, si kile chenye namba kubwa. Kipimo cha kutegemewa ni kusimama na miguu yote miwili, saa za jioni mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi za mchana, soksi ikiwa imevaliwa: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kisigino kisipande katika hatua ya mteremko. Kisigino kikipwaya kidogo, kamba hupitishwa kwenye tundu la mwisho la juu, ambalo wengi huliacha wazi maisha yote ya kiatu.

Halafu kuna ardhi. Kwa mtu wa Bunia anayekimbia alfajiri kwenye vilima, raba ya kawaida yenye sponji ya kiasi inatosha, mradi soli isiwe laini mno, kwani changarawe huizungusha soli laini. Kwenye udongo mwekundu ulioloa, kinachohitajika ni meno yaliyoachana; meno yaliyosongamana hujaa udongo, na baada ya hatua kumi kila mguu umebeba tofali. Msituni kiatu kinachonyonya maji na kuyashika ni mzigo kuliko kinga. Kitambaa chepesi kinachotema maji hufaa kuliko ngozi, na soli nyembamba hufaa kuliko nene, kwa sababu mzizi uliofichika humpindua aliye juu zaidi. Viatu vya bamba la kaboni vilivyoanza kuvunja rekodi za barabarani kuanzia mwaka 2017, hata shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo cha milimita 40 cha unene wa soli mwezi Januari 2020, vilitengenezwa kwa lami na kwa mwendo ambao wachache wanauweza. Vikionekana kwenye meza ya mitumba Bunia, huvutia kwa rangi. Meno ya soli yake huwa yameshaisha kwenye lami ya mji mwingine.